Picha Tulizorudi Nazo, na Daftari la Majina



Tangu turudi kutoka hija ya Mwaka Mtakatifu wa Jubilei mwishoni mwa Juni, tumeonesha picha zetu mara tano. Mara moja kwa mafrateri wenzetu katika ukumbi wa seminari, mara mbili parokiani, na mara mbili vigangoni, ambako tulitundika shuka jeupe ukutani na kuazima jenereta kwa katekista. Tulikuwa wanne kutoka seminari, wote wa Falsafa, pamoja na padre mlezi mmoja na waamini kumi na tisa wa jimbo. Nauli yetu sisi wanne haikutoka mifukoni mwetu, maana mifukoni mwetu hamna kitu. Ilitoka kwa waamini: michango ya jumuiya ndogondogo, mbuzi wawili walionadiwa baada ya Misa ya pili, mahindi, na bahasha moja ya mfadhili ambaye hataki kutajwa. Mtu aliyetoa debe la mahindi ana haki ya kuuliza debe lake lilifika wapi. Ndiyo maana tunazunguka na picha hizi, na ndiyo maana tumekubali kuandika.

Anayeandika ni mmoja wetu, mwenye miaka 25, lakini wote wanne tumeikalia makala hii jioni mbili, tukabishana, tukafuta, tukaandika tena. Kwa hiyo mkisoma "sisi", ni sisi kweli.

Kwa simu tatu na kamera moja ya kuazima tulirudi na picha zaidi ya elfu mbili. Tumechagua sitini. Zile zinazotuonesha tumesimama mbele ya kila mlango na kila chemchemi tumeziacha karibu zote, kwa ushauri wa padre mlezi, aliyesema kwamba waamini wanazijua sura zetu tayari.

Picha inayoleta kelele ya kwanza ni ya Colosseum. Kila mahali watu wanaitambua, hata watoto, maana wameiona kwenye kalenda. Kigangoni mzee mmoja aliitazama sana, kisha akauliza kwa sauti: "Sasa mafrateri, mbona hawajaliezeka? Serikali yao nayo haina mabati?" Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la maana kuliko alivyodhani mwenyewe. Jengo lile lilianzwa na Kaizari Vespasian na kufunguliwa na mwanawe Titus mwaka 80, na tangu mwanzo halikuwa na paa. Juu yake palivutwa turubai kubwa la kuwakinga watazamaji na jua, na waliolivuta na kulikunja walikuwa mabaharia wa jeshi la majini, kwa kuwa ndio waliojua kazi ya kamba na tanga. Baadaye matetemeko ya ardhi yaliangusha upande mmoja, na watu wa Roma wakachota mawe yake kwa karne nyingi kujengea majumba na makanisa yao. Mzee alifurahi kusikia hilo la mwisho. "Kumbe hata wao huwa wanabeba mawe ya jengo la serikali," akasema, na tukaona heri tupite picha inayofuata.

Ya Pantheon nayo ina paa, tena paa la ajabu, ila katikati lina tundu. Kuba lake lina upana wa mita 43 na kidogo, na kutoka sakafuni hadi kwenye tundu ni kipimo hichohicho. Mvua ikinyesha inaingia ndani, na sakafu ina vitobo vya kupitishia maji. Lilijengwa upya wakati wa Kaizari Hadrian kwa ajili ya miungu yao, na mwaka 609 Papa Bonifasi IV akaligeuza kuwa kanisa la Bikira Maria na Mashahidi wote. Tulipotaja kwamba mwaka 2025 mgeni alikuwa analipa euro 5 kuingia, akina mama wa WAWATA waliguna wote kwa pamoja. Kanisani, kiingilio? Tulieleza kwamba anayekwenda kusali Misa halipi. Tukaeleza pia kwamba jengo la miaka karibu 1,900 lina gharama zake. Waliguna tena, taratibu zaidi. Sisi hatuwalaumu wenye jengo, lakini tunakiri kwamba mguno ule tuliuelewa: tulipokuwa ndani, sauti ya kipaza ilikuwa ikiwaomba watu wanyamaze, na hakuna aliyenyamaza.

Uwanja wa Mtakatifu Petro una nguzo 284 za Bernini, watakatifu 140 wa mawe wamesimama juu yake, na nyuma yake basilika iliyoanza kujengwa mwaka 1506 na kutabarukiwa mwaka 1626. Miaka 120! Parokia yetu ina miaka kumi na moja tangu ianze kujenga kanisa jipya, na wapo wanaosema tumechelewa. Lakini kitu tulichokipenda kuliko vyote pale uwanjani ni kile kinachosimama katikati kabisa, jiwe moja refu jekundu la kutoka Misri. Lililetwa Roma na Kaizari Caligula, likasimama katika uwanja wa michezo uliokuwa hapo jirani, na mapokeo yanasema Mtakatifu Petro alisulubiwa karibu nalo. Mwaka 1586 Papa Sixtus V aliagiza lihamishiwe mbele ya basilika. Mhandisi Domenico Fontana alitumia mamia ya watu na farasi kwa makumi, na kamba zisizohesabika. Mahujaji wanalizunguka wakitafuta kivuli chake wakati wa jua kali la Juni, na hawaulizi limetoka wapi. Mmoja wetu alitoa wazo kwamba tulipige picha peke yake, bila basilika nyuma. Picha hiyo tunaionesha kila mara, na tunasema: huyu ni ndugu yetu, amefika kabla yetu.

Tarehe 24 Juni tuliingia basilikani pamoja na waseminari wa mataifa mengi kumsikiliza Baba Mtakatifu Leo XIV. Hapo picha tunazo za mgongo wa waseminari wengine, hasa wa mmoja mrefu ambaye hatumjui na ambaye sasa anajulikana parokia nzima. Tulimwona Papa kwa vipande, kati ya bega na bega. Sauti ilisikika vizuri.

Tunapaswa kusema jambo moja kuhusu safari hii. Tulipoanza kuchangisha, tulitegemea kumwona Papa Fransisko. Yeye ndiye aliyefungua Mlango Mtakatifu usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, na waamini waliotoa mahindi walisema, "Mkamsalimie." Akafariki tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, tukiwa tumeshalipia tiketi. Salamu tulizifikisha kaburini, katika Basilika ya Maria Maggiore. Ni kaburi la jiwe jeupe lisilo na mapambo, na juu yake limeandikwa neno moja tu, FRANCISCUS. Foleni ilisogea haraka, na walinzi waliwahimiza watu kupita. Picha tuliyonayo imepinda kidogo kwa sababu aliyeipiga alikuwa anatembea. Parokiani, ilipotokea ukutani, ukumbi mzima ulisimama bila kuambiwa na yeyote. Hatukutegemea. Tulizima projekta kwa muda, tukasali Baba Yetu.

Kisha zipo sehemu ambazo hatuna picha hata moja. Katika Kikanisa cha Sisto na katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Kallisto kupiga picha hakuruhusiwi. Kigangoni walitushuku kidogo: watu waende mbali hivyo, warudi bila picha ya mahali penyewe? Tukalazimika kusimulia kwa mdomo. Tukasimulia jinsi unavyoshuka ngazi kutoka kwenye joto na kukutana na ubaridi wa udongo, vichochoro vyembamba, na makaburi yaliyochimbwa ukutani kama rafu, moja juu ya jingine. Tukasimulia chumba walimozikwa mapapa wa karne ya tatu. Tukawaambia pia kwamba katika makaburi hayohayo alizikwa Papa Miltiades, ambaye kumbukumbu za kale zinasema alikuwa mtu wa Afrika, kama alivyokuwa Papa Victor wa Kwanza kabla yake na Papa Gelasius baada yake.

Jambo lilitokea kwenye basi jioni ya siku ile, na tumelifikiria sana tangu hapo. Tulianza kulinganisha tulichokiona chini. Mmoja alikumbuka harufu ya udongo. Mwingine alikumbuka makaburi madogo mno, ya watoto, na alisema aliyahesabu hadi akaacha. Wa tatu alikumbuka sauti ya mahujaji wengine waliokuwa wakiimba katika kichochoro tusichokiona. Wa nne alikumbuka kwamba aliogopa. Hakukuwa na picha ya kuamua nani yuko sahihi, kwa hiyo tuliendelea kuulizana mpaka hotelini. Lakini ukituuliza leo kuhusu Colosseum, wote wanne tutakueleza picha ileile, ile yenye njiwa kwenye kona ya kushoto. Kile tulichokiona kwa macho kimeshafunikwa na kile kilichoonwa na simu.

Mtakatifu Augustino anatumia sehemu kubwa ya kitabu cha kumi cha Maungamo kujiuliza kumbukumbu ni kitu gani. Anaiona kama ghala pana lenye vyumba vingi, ambamo mtu anaingia kutafuta kitu na kukutana na vingine asivyovitafuta, na ndani yake anamtafuta Mungu. Darasani tulisoma sehemu hiyo tukiwa na usingizi wa saa nane mchana. Kwenye basi lile tuliielewa vizuri zaidi.

Na kwa kuwa tumemtaja, tuseme wazi kwamba safari yetu sisi wanne ilikuwa zaidi ya kumfuata yeye na mama yake. Padre mlezi alituuliza kabla ya kuondoka: ukitoa mabasilika makubwa, mngependa kuona nini? Tulijibu bila kupanga: Ostia, kaburi la Monika, Pavia, na mahali alipobatizwa Augustino huko Milano. Alicheka akasema tumechagua safari ya watu wa Algeria. Ni kweli. Tagaste alikozaliwa Augustino na Hippo alikokuwa askofu ziko Algeria ya leo.

Ostia ilikuwa bandari ya Roma. Leo bahari imesogea mbali na mji umebaki magofu, nyasi na misonobari. Mahujaji wengi hawafiki huko, na tulitembea karibu peke yetu kwenye barabara ya mawe yenye alama za magurudumu. Nyuma ya ukumbi wao wa michezo ya kuigiza kuna uwanja wa mraba uliozungukwa na vyumba vya wafanyabiashara, na mbele ya kila chumba sakafu imepambwa kwa vijiwe vinavyoonesha mwenye ofisi ni nani. Watu wa Carthage walikuwa na yao. Watu wa Sabratha, katika Libya ya leo, waliweka picha ya tembo. Ngano iliyolisha Roma ilitoka kwa sehemu kubwa Misri na Afrika ya Kaskazini, na ilipita bandarini hapo. Muuza mahindi mmoja wa kundi letu, mtu asiyependa sana magofu, alisimama juu ya tembo yule muda mrefu kuliko alivyosimama popote. Alitaka kujua walipima kwa debe au kwa kilo, na nani alibeba hasara ngano ikilowa melini. Hakuna aliyeweza kumjibu. Picha ya tembo ndiyo anayoonesha wateja wake gulioni hadi leo.

Hapo Ostia, mwaka 387, Monika aliugua akiwa na wanawe, wakisubiri meli ya kurudi Afrika. Siku chache kabla, yeye na Augustino walikuwa wamesimama dirishani wakizungumza juu ya uzima wa milele, na wasomaji wa Maungamo wanazijua kurasa hizo. Alikuwa ametaka kwa miaka mingi azikwe kwao, kando ya mumewe, na kaburi alikuwa amelitayarisha. Lakini mwishoni aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wasihangaike nao. Aliomba jambo moja tu, wamkumbuke altareni popote watakapokuwa. Akafa akiwa na miaka 56. Mwaka 1945 vijana wawili waliokuwa wakichimba shimo la kusimika nguzo ya mchezo, kando ya kanisa la Mtakatifu Aurea pale Ostia, waligonga kipande cha jiwe chenye maandishi ya Kilatini. Kilikuwa kipande cha jiwe la kaburi lake.

Mwili wenyewe ulikuwa umeshahamishiwa Roma mwaka 1430. Uko katika Kanisa la Mtakatifu Augustino, karibu na Uwanja wa Navona, katika kikanisa cha pembeni. Ni kanisa ambalo mtu anaweza kulipita asijue. Ndani yake kuna mchoro wa Caravaggio unaomwonesha Bikira Maria amesimama mlangoni na mtoto, na mbele yake mahujaji wawili wazee wamepiga magoti. Nyayo za yule mwanamume zinakutazama wewe, nazo ni chafu, zina vumbi na nyufa. Watu wa wakati ule walizipigia kelele nyayo hizo. Picha hii vigangoni haihitaji maelezo. Mama mmoja alisema tu, "Huyo katembea."

Hapa tunafika kwenye daftari. Kabla ya safari, parokia ilitangaza kwamba anayetaka kuombewa aandike jina au nia yake katika daftari kubwa, lile tunaloita kaunta buku, lililowekwa kwa katekista. Asiyejua kuandika aliandikiwa. Lilirudi likiwa na majina 312. Mengine yalikuwa ya marehemu, mengine ya wagonjwa, mengine ya vijana walioondoka. Mmoja aliandika "mume wangu" bila zaidi. Mwingine aliandika jina la ng'ombe, na padre mlezi alisema lisomwe kama lilivyo.

Tulipanga yasomwe mbele ya Monika. Ilikuwa Jumatano asubuhi. Padre aliadhimisha Misa katika kikanisa hicho, na baada ya Komunyo tulisoma majina kwa zamu, kurasa tano kila mmoja. Ilichukua karibu dakika arobaini. Mtunza sakristia aliangalia saa mara mbili, kisha akakaa kwenye benchi la nyuma akabaki huko hadi mwisho. Ni jambo geni kusikia majina ya kwenu yakitamkwa mahali kama pale: jina la mtu anayekuuzia vocha, la mwalimu aliyekuchapa darasa la nne, la jirani aliyekufa mwezi uliopita. Mwenzetu alipofika kwenye jina la baba yake mwenyewe sauti ilikatika, akakohoa, akaendelea. Hakuna aliyepiga picha. Baada ya Misa tu, wakati padre anavua mavazi, mmoja wetu alipiga daftari likiwa wazi kwenye kona ya altare. Ni picha moja, na mwanga wake si mzuri.

Pavia tulifika kwa treni tukielekea Milano. Katika Kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro ndimo alimo Augustino. Alifariki Hippo mwaka 430 mji ukiwa umezingirwa na Wavandali. Masalia yake yakapelekwa kisiwa cha Sardinia, na katika karne ya nane Mfalme Liutprand wa Walombardi akayaleta Pavia. Juu yake wamejenga jumba dogo la marumaru lililojaa watu wadogo waliochongwa, kazi iliyoanza karne ya 14. Katika chumba cha chini yumo Boethius, aliyeandika Faraja ya Falsafa akiwa gerezani akisubiri kuuawa. Sisi tunamjua kwa mitihani, kwa fasili yake ya nafsi. Tulishuka tukasimama mbele yake, watu wanne waliowahi kumlalamikia usiku wa kuamkia mtihani, na hatukuwa na la kusema. Siku ile kanisani hapakuwa na wageni wengine zaidi ya mama mmoja na mjukuu wake. Kule Roma, kwenye chemchemi ya Trevi, tulisukumana na mamia ya watu wanaotupa sarafu majini.

Picha ya kaburi hili ndiyo iliyozua mjadala mrefu kuliko zote. Parokiani baba mmoja aliuliza: "Mama yuko Roma, mtoto yuko huku. Kwao ni Afrika. Kwa nini hawawarudishi?" Kwetu swali hilo si la mzaha. Mtu akifia Dar es Salaam, ndugu wanachanga, wanakodi gari, wanasafiri usiku kucha ili alale kwao. Kumwacha ugenini ni aibu ya ukoo. Ukumbi uligawanyika, na sisi wanne tuligawanyika pia. Mmoja wetu anaamini kweli kwamba wangepaswa kurudi, na ana hoja: Kanisa la Algeria ni dogo, na lingetiwa moyo kuwa na baba yake. Mwingine anasema Monika mwenyewe alishajibu alipokuwa kitandani Ostia, na si haki kumlazimisha kaburi alilolikataa. Hatujamaliza ubishi huo, unaibuka mezani mpaka leo, na mlezi ameshatuomba tuuhamishie kwenye insha ya muhula.

Kuhusu Milano tutasema machache. Chini ya kanisa kuu lao, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1386, unashuka ngazi na kukuta mabaki ya kisima cha ubatizo chenye pande nane. Hapo Mtakatifu Ambrosi alimbatiza Augustino usiku wa Pasaka mwaka 387, miezi michache kabla ya mama yake kufa. Ni mawe na shimo kavu. Jioni ile tulisali Misa ya kawaida katika kanisa moja la mtaani. Tukiondoa kundi letu, waamini walikuwa kumi na mmoja, wengi wao wazee, na aliyesoma somo alikuwa mama kutoka Ufilipino. Padre wao alitushukuru kwa kuimba. Tunaitaja Misa hiyo tunapoonesha picha, na waamini wetu hunyamaza. Wanauliza: watoto wao wako wapi? Tunasema hatukukaa muda wa kutosha kujua. Kisha mtu fulani huwa anaanza kuhesabu, kimya kimya, vijana waliobaki katika jumuiya yake.

Mara ya tano tulionesha picha katika kigango cha mlimani, wiki tatu zilizopita. Ilipotokea picha ya daftari kwenye kona ya altare, mama mmoja mzee alisimama, akasogea hadi kwenye shuka, kivuli chake kikafunika nusu ya picha. Tulimwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia bila kugeuka. Mwanawe aliondoka kwenda machimboni, na kwa miaka minne hajapiga simu. Jina lake lilikuwa katika daftari. Mama hajui kusoma. Alitaka tumwoneshe kwa kidole ni mstari upi.

Tulikuza picha kwenye simu. Ukurasa uliokuwa wazi haukuwa wake. Ulikuwa wa kigango kingine, bondeni. Tulitazamana. Kumwonesha mstari wowote kungekuwa rahisi, na angerudi nyumbani amefurahi, na hakuna mtu ukumbini ambaye angejua. Yule aliyeshika simu alimwambia, "Mama, ukurasa huu si wenu. Wa kwenu uko chini yake, kurasa mbili ndani. Mimi ndiye niliyeusoma. Jina la mwanao nililisoma mimi."

Alimtazama usoni kwa muda. "Ulilisomaje?"

Frateri akalitaja jina lote, majina matatu, kama alivyolitaja Roma.

"La babu yake umelikosea," mama akasema. Akamfundisha namna ya kulitamka, kwa lugha ya nyumbani, herufi ya mwisho ikivutwa kidogo. Akarudia mara mbili hadi mama akaridhika. Kisha mama akauliza kama tunaweza kumpa ile picha, hata kama ukurasa si wake.

Tumeichapisha mjini, saizi ya kukaa ndani ya Biblia. Lakini tumeona si vizuri kumpelekea picha peke yake. Daftari lenyewe limehifadhiwa ofisini kwa padre mlezi, na ameturuhusu kulipeleka kigangoni Jumapili ijayo, mradi lifungwe vizuri kwenye mfuko wa nailoni, maana mvua za vuli zimeanza na tutapanda mlima kwa miguu.